"Arigato" haikuletwa na Mreno

Wengi husimulia kwamba Wajapani walipata "arigato", yaani asante, kutoka kwa "obrigado" ya Wareno. Ni rahisi kuamini: maneno yanafanana, na Wareno kweli walifika Japani mwaka 1543 wakaacha "pan", mkate, na "tabako", kama walivyotuachia sisi wa pwani meza na leso.

Ila tarehe zinakataa. Karibu na mwaka 1000, zaidi ya miaka 500 kabla ya Wareno, Sei Shonagon, mwandishi wa kike aliyemtumikia malkia, aliorodhesha mambo "arigataki", yaani adimu. Miongoni mwake: mkwe anayesifiwa na baba mkwe, na mkamwana anayependwa na mavyaa wake. (Hapo hahitaji mkalimani.)

Neno lina sehemu mbili: "ari", kuwepo, na "katashi", vigumu. Kilicho vigumu kuwepo ni adimu, na wema adimu hustahili shukrani. Maana ikahama taratibu. Umbo "arigataku" nalo likalegea ulimini, k ikadondoka, likawa "arigato". Ndivyo pia "hayaku", mapema, ilivyozaa "ohayo", salamu ya asubuhi.

Kwa kanji, alama za asili ya Kichina zinazobeba maana, huandikwa 有難う, alama za kuwepo na ugumu, ingawa siku hizi hiragana, herufi za Kijapani za sauti tu, ndiyo iliyozoeleka. Kanji peke yake si ushahidi, maana hata "tabako" hupewa alama za moshi na majani, 煙草. Ushahidi ni ile orodha ya Sei Shonagon.