Ndani ya Ndoo Mna Nini? Muziki wa Filamu na Mawazo ya Mtazamaji

Kila ninapoanza darasa jipya la muziki wa filamu, huwaonyesha wanafunzi kipande cha sekunde 40 nilichokipiga mwenyewe kwa simu: mama anatembea ufukweni Bagamoyo alfajiri, kichwani ana ndoo yenye mfuniko. Basi. Mara ya kwanza nakiwekea udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, peke yake, taratibu. Mara ya pili chelo, fidla kubwa ya sauti nzito, nota moja inayovutwa bila kukatika. Kisha nauliza: ndani ya ndoo mna nini?

Kwenye udi hunijibu haraka: samaki, uji wa kuuza, chai ya mume aliyerudi kuvua. Kwenye chelo darasa hunyamaza kwanza. Halafu mmoja husema, "Mwalimu, huyu anakwenda kutupa kitu."

Picha ni ile ile. Muziki umewapa kazi, nao wameifanya wenyewe vichwani mwao. Ndiyo maana naipenda fani hii kuliko muziki mwingine wowote niliowahi kuupiga: mtunzi hamalizi hadithi, anamwachia mtazamaji sehemu yake aitunge.

Chukua Jaws, filamu ya mwaka 1975 juu ya papa anayeshambulia waogaji. Papa wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikambidi mwongozaji Steven Spielberg apige picha nyingi bila papa kuonekana. Mtunzi John Williams akaliziba pengo hilo kwa nota mbili, E na F, zinazopakana kwenye kinanda, kaziguse usikie. Aliposikilizishwa mara ya kwanza, Spielberg alicheka, akadhani anataniwa. Nota hizo zinaanza chini kabisa, polepole, kisha zinakazana, na kadiri zinavyokazana ndivyo papa anavyosogea. Kila aliyeketi gizani anamuumba papa wake, mkubwa kwa kadiri ya hofu yake.

Kuna jambo humo watu wengi hawaligundui. Watoto wawili wanapowatisha waogaji kwa pezi la bandia, nota zile hazisikiki. Aliyetega sikio alishajua kuwa hapo hakuna papa. Baadaye, ukishauamini muziki kiasi hicho, papa wa kweli anaibuka bila wewe kuonywa na nota hata moja.

Mtunzi Bernard Herrmann, kwenye Psycho, filamu ya kutisha ya 1960, alitumia ala za nyuzi tu. Mwongozaji Alfred Hitchcock hakutaka muziki kwenye mauaji ya bafuni. Herrmann akautunga hivyo hivyo, na Hitchcock alipousikia akabadili mawazo. Kisu karibu hakionekani kikigusa mwili. Fidla ndizo zinazokata.

Lakini filamu ninayoirudia zaidi darasani ni Black Panther ya 2018. Ludwig Göransson, mtunzi kutoka Uswidi, alikwenda Senegal na kufuatana na mwanamuziki Baaba Maal katika ziara yake. Akakutana na Massamba Diop, mpigaji wa tama, ngoma ndogo inayobanwa kwapani. Ukizikaza kamba zake kwa mkono sauti inapanda, ukizilegeza inashuka, kama mtu anayezungumza. Ngoma hiyo ndiyo ikapewa kazi ya kulitamka jina la T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo. Wakanda haimo kwenye ramani yoyote, ila mtu akishasikia ngoma ikimwita mfalme wake kwa jina, anaanza kuiona barabara yake na soko lake. Muziki ule ulipata Oscar mwaka 2019. Kwa hiyo nawaambia vijana wangu wasikimbilie fidla zilizomo kwenye kompyuta. Kwanza watafute ala gani ya kwao inaweza kulitamka jina la mhusika.

Somo la mwisho nazima skrini kabisa. Dakika 3 za muziki, na kila mtu ana kalamu. Muhula uliopita binti mmoja aliandika ukurasa na nusu juu ya yule mama, ingawa sikuwa nimemtaja tena. Ndani ya ndoo yake mlikuwa na maji ya kisima cha zamani, anampelekea bibi yake aliyehamia mbali na anayekataa kunywa mengine. Nikamuuliza hayo ameyatoa wapi. Akaniomba niurudie muziki, tukasikiliza wote mpaka pale zumari linapoingia peke yake, naye akainua kidole: "Hapo, mwalimu. Hapo ndipo anapoitua ndoo."