"The Gambler" si utungo wa Kenny Rogers

Wapenzi wengi wa muziki wa kantri, wakiwemo wa Kenya ambako mwimbaji Mmarekani Kenny Rogers ana mashabiki chungu nzima, huamini kwamba wimbo "The Gambler" aliutunga mwenyewe. Sivyo. Uliandikwa mwaka 1976 na Don Schlitz, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akifanya zamu ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, jiji la Marekani ambalo ni kitovu cha muziki wa kantri.

Wala Rogers hakuwa wa kwanza kuurekodi. Bobby Bare alimtangulia mwaka 1978, na Johnny Cash naye aliuimba mwaka huohuo. Matoleo yao hayakuvuma. Lile la Rogers, lililobeba jina la albamu yake iliyotayarishwa na Larry Butler, lilishika namba moja kwenye chati ya kantri, na albamu pia ikaongoza chati ya albamu za kantri. Tuzo za Grammy za 1980 ziligawa sifa vizuri kuliko sisi mashabiki: Rogers alituzwa kwa uimbaji, Schlitz kwa utunzi.

Hata "She Believes in Me", wimbo mwingine uliotamba kutoka albamu hiyo, ni kazi ya Steve Gibb. Nashville, kuimba tungo za wengine ni jambo la kawaida kabisa.