I-motifu si DNA iliyomwagiwa tindikali

Hapa Dar neno tindikali lina sifa mbaya: betri ya gari, au habari ya mtu aliyemwagiwa usoni. Basi mtu akisikia kuna umbo la DNA linalojikunja kwenye asidi, anasema DNA "imeungua". Haijaungua. Asidi kali hung'oa adenini na guanini, herufi mbili kati ya nne za DNA, kwenye uzi, na huo ndio uharibifu. I-motifu ni mkunjo tu: pandisha pH (yaani punguza asidi), unakunjuka.

Kwa kifupi, ni umbo la nyuzi nne linalotokana na DNA yenye sitosini (herufi nyingine ya DNA) nyingi mfululizo. Lilielezwa Ufaransa mwaka 1993.

Herufi i si namba ya Kirumi, kwa hiyo tusiulize motifu ya pili iko wapi. Ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kupachikwa katikati. Kuna jozi mbili za nyuzi zinazotazama pande tofauti, na ngazi za jozi moja huingia kati ya ngazi za nyingine, kama vidole vya mikono miwili vikishikana. Jina linataja huko kupachikana. Asidi haimo.

Halafu kuna hili la "asidi ikizidi, umbo linaimarika". Hapana. Sitosini mbili zikikutana, kila moja ina nafasi tupu pale ambapo hidrojeni ingehitajika. Moja ikipokea protoni (hidrojeni yenye chaji chanya), zinafungana kwa vifungo vitatu vya hidrojeni. Zote mbili zikipokea, zote zina chaji chanya na zinasukumana. Kinachotakiwa ni nusu kwa nusu. Sitosini iliyo peke yake hufikia nusu hiyo kwenye pH ya 4.5 hivi, ila mkunjo wenyewe huishika protoni, ndiyo maana i-motifu nyingi hujikunja karibu na pH 6. Hapo ni kati ya maziwa mabichi (kama 6.6) na mtindi (kama 4.5). Nani amewahi kuungua kwa mtindi?

Maabara, wengi huponzwa na bafa, yaani mmumunyo unaozuia pH isibadilike. Bafa iitwayo Trisi inafanya kazi vizuri karibu na pH 8. Kwenye 6 haizuii kitu. Tena pH yake hushuka takriban 0.03 kwa kila nyuzi moja ya joto: ukipasha kutoka 25 hadi 85, imeshuka zaidi ya 1.5, nawe unadhani unapima joto peke yake. Tumia fosfati, au kakodilati kwa tahadhari, kwani ina aseniki, ambayo ni sumu.

Na tusiichanganye i-motifu na kwadrupleksi ya guanini, umbo jingine la nyuzi nne. Hiyo hutokea kwenye uzi wa upande wa pili na hutegemea potasiamu.

Mwaka 2018 watafiti wa Sydney walitumia kingamwili kuiona i-motifu ndani ya viini vya seli za binadamu, ambako pH ni kama 7 tu. Kwa hiyo badala ya "inahitaji asidi", tuseme "hupendelea pH ya chini kidogo".