Mbalamwezi si usiku wa nyota

Wengi wanaopanga kupiga kambi kwenye nyasi za Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua kusini mwa Tanzania, huchagua usiku wa mwezi mpevu, wakiamini kwamba anga likiwa na nuru ndipo nyota huonekana vizuri. Imani hiyo ina mantiki yake: mbalamwezi hupendeza, na njia huonekana bila tochi.

Ila kwa nyota mambo ni kinyume. Mwanga wa mwezi hutawanyika angani na kufifisha nyota dhaifu; ule ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa hupotea kabisa. Usiku bora ni wa mwezi mwandamo, kiza kikiwa totoro. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji zaidi: tarehe 27 hadi 3 ni kiza, 14 na 15 ni mwezi mpevu.

Jaribu mwenyewe, hata uwanjani kwako Makete au Mbeya. Hesabu nyota za Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, usiku wa kiza, kisha rudia mwezi ukiwa mpevu. Yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na simu ibaki mfukoni (hili ndilo gumu kuliko yote).

Kwa kutazama wanyama, mbalamwezi husaidia kweli. Umbo la mnyama huonekana nyasini.

Juni hadi Agosti mawingu huwa machache, lakini Kitulo iko juu ya mita 2,600 na umande huganda. Beba blanketi la pili. Maua yenyewe husubiri mvua, kuanzia Novemba.