Je, wajua kwa nini Dodoma–Dar kwa ndege ni saa nzima, na Dar–Mumbai ni saa 6 tu?

Piga hesabu kidogo. Kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, angani ni kama kilomita 390. Kutoka Dar hadi Mumbai, India, ni kama kilomita 4,680, yaani safari 12 za Dodoma–Dar. Lakini tiketi ya kwanza inasema takriban saa 1, na ya pili takriban saa 6. Umbali mara 12, muda mara 6. Wapo wanaodhani rubani wetu anazunguka. Hazunguki.

Muda wa kwenye tiketi hauanzi ndege inapopaa. Unaanza magurudumu yanaposogea kwenye maegesho, unaisha yanaposimama kule uendako. Humo mna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia na kungoja ruhusa ya waongoza ndege, na dakika hizo hazipungui kwa sababu unakwenda karibu.

Kinachokula muda zaidi ni kupanda na kushuka. Chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida haziruhusiwi kuzidi kasi ya kilomita 460 hivi kwa saa. Kushuka nako hakuna haraka: marubani hukadiria maili 3 za baharini (kilomita 5.5 hivi) kwa kila futi 1,000 za kushuka. Jeti iliyo futi 30,000 inahitaji kilomita 165 hivi kabla ya kutua, na hapo ni usawa wa Morogoro! Ukikaa dirishani siku ya anga safi utaiona milima ya Uluguru upande wa kulia, na injini zinakuwa zimeshapoa sauti. Toa hizo kwenye 390, toa na za kupanda kutoka Dodoma, utaona kasi kamili inapatikana kwa dakika chache tu. Ndiyo maana hata ndege ya pangaboi yenye kasi ya kilomita 660 kwa saa haiachwi mbali na jeti katika safari hii.

Ya Mumbai inapanda mara moja, inashuka mara moja, na katikati inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa juu ya Bahari ya Hindi bila kupunguza.

Ila tiketi hiyo ina mtego wake. Saa ya kufika huandikwa kwa majira ya huko, na India iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Ukiondoka Dar saa 10 jioni ukasafiri saa 6, tiketi itaonyesha 00:30, yaani saa 6 na nusu usiku, kana kwamba umekaa angani saa 8 na nusu. Kwa majira ya Dodoma itakuwa saa 4 usiku, na nyumbani watakuwa bado macho ukitaka kuwapigia.