Pesti ya joto: kazi yake juu ya prosesa

Pesti ya joto ni ule uji mzito, mara nyingi wa kijivu au mweupe, unaowekwa kati ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na hitisinki, yaani lile pande la chuma lenye mapezi na feni linalokaa juu yake. Ukiifinya kutoka kwenye bomba lake utadhani dawa ya meno. Wengi huamini kwamba pesti ndiyo inayopoza. Haipozi chochote, kazi yake ni kufukuza hewa.

Tazama mgongo wa prosesa: bati linalong'aa, laini kwa macho. Geuza hitisinki, nayo ni hivyo hivyo. Lakini ukizikuza chini ya hadubini, nyuso zote mbili ni vilima na mabonde. Ukizigandamiza zinagusana vileleni tu, kwingine hunaswa hewa. Na hewa haipitishi joto vizuri: takribani wati 0.026 kwa mita kwa kila digrii, ilhali shaba hufika karibu 400. Pesti nyingi nzuri ziko kati ya 4 na 12 hivi. Kwa maneno mengine, pesti inaishinda hewa zaidi ya mara mia, lakini shaba nayo inaishinda pesti kwa mbali. Ndiyo maana pesti hutakiwa ijaze mabonde tu, chuma kibaki kimekaribiana na chuma. Bila hiyo, joto hukwama, na prosesa nyingi za kisasa zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe, au mashine huzima ghafla.

Kuhusu kiasi, mafundi hubishana mno kuliko jambo lenyewe linavyostahili. Tone moja katikati, la ukubwa wa njegere ndogo, linatosha kwa prosesa nyingi za kompyuta za mezani. Zile pana huongezewa matone kuelekea pembeni. Ukizidisha kidogo, mbano wa skrubu huisukuma ziada nje, na hasara yake kubwa ni uchafu. Kupunguza mno ndiko kubaya, maana kona hubaki kavu. Usiipake kwa kidole: kidole kina mafuta, na huacha mapovu. Weka tone, shusha hitisinki wima, kisha kaza skrubu kwa kupishanisha kona, kila moja mizunguko michache, ili mbano uwe sawa.

Niliwahi kufungua mashine iliyokuwa ikizima kila baada ya dakika chache. Pesti ilikuwa imewekwa vizuri ajabu, ila juu ya karatasi ya plastiki inayokinga uso wa hitisinki mpya. Hakuna aliyeibandua. Tangu siku hiyo hupitisha ukucha ukingoni kwanza, hata nikiwa na hakika.

Hitisinki nyingine huja na pesti tayari, hiyo usiiongezee. Lakini ukishaiinua hitisinki, hata kwa sekunde, hewa imeingia: futa yote kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, uweke mpya. Na zile pesti za chuma kimiminika zenye galiamu ziache kwa wenye uzoefu. Hupitisha umeme, na hula alumini.

Pesti iliyokaa miaka hukauka ikashika kama gundi. Kwa hiyo kabla ya kufungua, iache mashine ifanye kazi dakika chache pesti ilainike, kisha izime, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu na uzungushe hitisinki taratibu kushoto na kulia ndipo uiinue. Kwenye soketi, yaani kikao cha prosesa, kama AM4 ya kampuni ya AMD, ambako miguu iko kwenye prosesa yenyewe, ukivuta kwa nguvu prosesa hung'oka nayo huku kibanio kikiwa bado kimefungwa, na miguu ikipinda utainyoosha mmoja mmoja kwa sindano.