Mkimya si lazima awe mtu wa stoo

Jamani, nimechoka. Meneja mwingine tena kaniletea majibu ya madodoso ya haiba ya wafanyakazi wake, kayapigia mstari: "Huyu introvati, tumpeleke stoo. Wakimya hawakosei hesabu." Nani kawaambia?

Historia tuipitie mbio. Carl Jung alieleza aina za haiba mwaka 1921, kisha Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, wakazitungia dodoso la herufi nne na aina 16. Kwenye vipimo vya sifa tano kuu (Big Five), njia nyingine ya kupima haiba ambayo watafiti wanaitumia, ukimya na umakini ni mizani miwili tofauti. Wapo wakimya ambao risiti zao hufuliwa pamoja na suruali, na wapo waropokaji ambao leja zao hazina doa. Isitoshe, watu wengi wako katikati ya mizani, na herufi za I (introvati, mkimya) na E (kinyume chake) za lile dodoso zinawakata palepale walipojazana. Ndiyo maana mtu akirudia dodoso baada ya wiki chache anaweza kutoka na herufi nyingine.

Sasa tuwachukue walio wakimya kweli na wanaoshika undani kweli, kina ISTJ na ISFJ, aina mbili kati ya zile 16. Mnadhani macho yao ni kamera. Jung alisema karibu kinyume chake: mtu huyu hushika alama ambayo kitu kimeiacha ndani yake kuliko kitu chenyewe. Mkiingia ofisini pamoja, wewe unaona meza. Yeye anaona meza haikai kama juzi. Muda wote analinganisha na alichohifadhi kichwani. Kwa hiyo atainasa sahihi iliyobadilika kwenye hati ambayo wenzake wote wameipitisha. Lakini mpe mfumo mgeni kabisa, atababaika, maana hana cha kulinganishia. Na kama alichohifadhi kina kasoro, ataitetea kasoro hiyo mpaka jioni, tena kwa utulivu unaokufanya ujishuku wewe! Mnaita ukaidi. Mimi naona ni uwezo uleule uliomfanya ainase ile sahihi.

Hata hivyo, hayo ya Jung yalitoka kwa wagonjwa wake na fikra zake, si kwenye vipimo. Nazo sifa tano, zinazosifiwa kwa ushahidi, zilipopimwa kwa Watsimane wa Bolivia, matokeo yaliyochapishwa 2013 hayakuonyesha mafungu yale matano. Madodoso yangu mwenyewe yametafsiriwa kutoka Kiingereza. "Napenda kukaa peke yangu": ajibu nini kijana anayelala chumba kimoja na ndugu zake wanne? "Huwa sizungumzi mbele za watu": huyu ni introvati, au amefunzwa kutowakatiza wakubwa? Karatasi hainiambii, na alama naijumlisha vilevile.

Kwa hiyo, bosi, ukitafuta mtu wa stoo, achana na herufi. Mpe ankara na mzigo wenye upungufu, umwache ahesabu. Mpe na yule mropokaji pia.